Mfupa Kooni mwa Kaptula

Mjukuu wangu alikuwa tayari ameukunja mkono wa sweta hadi kwenye kiwiko. Mbwa wao, mwenye manyoya mengi na jina la kizungu nisiloweza kulitamka bila kurusha mate, alisimama katikati ya sebule yao mjini Kisii, shingo ameinyoosha, miguu ya mbele ameitanua, akikohoa kikohozi kile. Koho, koho, koho, kisha khaaa ndefu, kama mtu anayetaka kuutapika utumbo wake mwenyewe. Mwisho povu jeupe likadondoka kwenye zulia.

"Nyanya, ana mfupa kooni!" mtoto akasema, akamsogelea vidole vimenyooka.

Nilimpiga kofi mkononi kabla hajafika. Sikuwa nimewahi kumpiga mtoto yule. Alilia, na mama yake akanitazama kama niliyevunja kioo cha kabati. Sikujieleza, kwa maana nilikuwa nimeziba pua. Harufu niliyoisikia haikutoka kwenye zulia lile. Ilikuwa mate ya mbwa yaliyochanganyika na moshi wa kuni na maziwa lala, na ilitoka mbali sana: kwenye mkono wa Magokoro, nyanya yangu mzaa baba, huko kilimani upande wa Ekerenyo nilikokulia.

Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo, kijana mwenye koti jeupe. Alimbonyeza mbwa koo kwa nje, kwa vidole viwili tu, na mbwa akakohoa papo hapo.

"Hana mfupa, mama. Ni kikohozi cha kuambukizana. Mbwa wakilala pamoja, wakinusana, wakinywea chombo kimoja, kinahama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Alikuwa wapi majuzi?"

Walipokwenda Nairobi arusini walikuwa wamemwacha kwa mtu anayetunza mbwa wa wasafiri.

"Basi ni huko. Wengi hupona wenyewe. Apumzike, asivutwe kwa mkanda wa shingoni, asikae na wenzake. Akikataa chakula au akianza kuhema kwa shida, mrudisheni haraka. Watoto wa mbwa ndio huwa hatarini zaidi." Kisha akaanza kupanga chupa mezani.

Mimi nimeuza ndizi soko la Keumbu tangu ujana. Mtu akinipangia bidhaa mbele ya macho, najua anataka nisahau maneno aliyoyasema. "Daktari," nikamwambia, "umesema wengi hupona wenyewe. Hizi chupa ni za wale wachache?" Akacheka, akarudisha nyingine kabatini. Nikazihesabu zilizobaki, nikahesabu tena, akarudisha na nyingine.

Lakini njiani kurudi sikuwa nikifikiria chupa. Nilikuwa nikimfikiria Kaptula, mbwa wetu nilipokuwa mtoto.

Kaptula alikuwa mweupe mwili mzima, isipokuwa kuanzia kiunoni hadi magotini nyuma, ambako alikuwa kahawia, kama karani aliyevaa kaptula yake ya khaki akasahau shati nyumbani. Kazi yake ilikuwa kufukuza tumbili kwenye mahindi na kunisindikiza mtoni asubuhi. Kazi hii ya pili ndiyo iliyonihusu. Njia ya mtoni ilipita katikati ya migomba minene, na mimi niliamini kwamba kila jani la mgomba lililotikisika lilikuwa na mtu nyuma yake. Kaptula akitangulia, majani yalikuwa majani tu. Bila yeye nisingefika mtoni, na nisingethubutu kumwambia mama sababu.

Sisi tulikuwa Wasabato. Nguruwe hatukumla, hatukumgusa, na mama alikuwa akigeuza uso akipita boma la jirani yetu Makori, Mkatoliki aliyefuga nguruwe nyuma ya jikoni. Mwaka ule baba alikuwa karibu kuwekewa mikono awe mzee wa kanisa. Mchungaji angekuja kutoka mbali, aweke mkono wake juu ya kichwa cha baba, aombe, na baba akiinuka asiwe tena yule aliyepiga magoti. Nyumba nzima iliishi kwa ajili ya Sabato ile. Mama alikuwa ameshona vazi jipya. Sisi watoto tulikatazwa hata kucheka kwa sauti, tusije tukaiharibu.

Ndipo Kaptula alipoanza kukohoa.

Ilikuwa asubuhi, mama akimimina uji. Kaptula alisimama mlangoni, akanyoosha shingo, akatoa ile khaaa, na povu likaangukia kando ya bakuli langu. Si ndani, kando. Niliuangalia uji, nikaliangalia povu, vyote vyeupe, vyote vikitoa mvuke, na tangu siku hiyo uji mweupe mimi sinywi. Nyumbani kwangu ni wa wimbi tu.

"Ana mfupa," alisema Magokoro, akaweka kikombe chake chini.

Magokoro alisifika kilima kizima kwa kutoa mifupa kwenye makoo ya mbwa. Alikuwa na utaratibu wake. Alimkalia mbwa mgongoni kama mtu anayepanda baiskeli, akamfunua kinywa, akamtia gunzi la mahindi kati ya meno ya nyuma ili asifunge. Kisha akaingiza mkono. Hakuingiza vidole tu, aliingiza mkono wenyewe, hadi bangili ya shaba ikagonga meno. Alipapasa humo ndani akiangalia juu, kama mwanamke anayetafuta pini chini ya godoro. Kaptula macho yalimtoka. Mkono uliporudi ulikuwa umevaa ute unaovutika kama mrenda uliopoa. Ulining'inia kutoka kwenye kidole cha kati, ukarefuka, ukakataa kukatika, na ndani yake hapakuwa na mfupa.

"Umeshuka chini kidogo," alisema. Akaupangusa mkono kwenye mgongo wa Kaptula, upande mmoja kisha wa pili, akalichomeka gunzi kwenye nyasi za paa, akachukua kikombe chake akanywa.

Kikohozi hakikukoma. Kila siku gunzi liliteremshwa, na kila siku mkono uliingia na kutoka mtupu. Mimi nilipewa kazi ya kupekua matapishi, maana huenda mfupa ulikuwa umetoka wenyewe bila kutuaga. Nilitumia kijiti. Niliyatandaza yale mapovu kwenye jani la mgomba, nikayatazama kutoka upande huu, nikazunguka nikayatazama kutoka upande ule. Yalikuwa na viputo vidogo vilivyopasuka polepole, na uzi wa njano, na mara moja nyasi. Niliripoti: hakuna. Mama akasema rudia. Nikarudia. Nadhani tabia yangu ya kutoamini hesabu ya kwanza ilizaliwa pale, juu ya jani lile.

Mzee Samsoni alikuja kututembelea. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa wazee wa kanisa, na neno lake mbele ya mchungaji ndilo lingempitisha baba au kumkwamisha. Alikuja na mbwa wake, Jemedari, mbwa pekee kilimani aliyefungwa mnyororo. Kwa maneno ya mwenyewe, Jemedari alikula ugali na maziwa tu, na hakuujua mfupa hata kwa kuuona.

Kaptula alikohoa. Mzee Samsoni alimsikiliza hadi mwisho kama anayesikiliza ushahidi.

"Ndugu, mfupa wa ng'ombe hutoka," alimwambia baba.

"Hutoka," baba akakubali.

"Wa kuku hutoka."

"Hutoka, mzee."

"Basi ni mfupa gani huu unaokataa kutoka?"

Mzee Samsoni aliangalia ng'ambo ya ua, kwa Makori, akatema mate pembeni. "Kundi la Mungu litalindwaje na mtu ambaye mbwa wake mwenyewe anamshinda? Mimi sisemi neno. Wewe fikiria tu."

Wakati akikataa kusema neno kwa maneno mengi namna ile, Jemedari alikuwa amevuta mnyororo hadi kwa Kaptula. Walinusana pua kwa pua. Kaptula akamkoholea usoni, na Jemedari akajilamba. Wakubwa hawakuona, walikuwa na mambo ya mbinguni.

Kwa hiyo nilielewa, kwa akili ya mtoto: Kaptula alikuwa ametenda dhambi, na dhambi ilikuwa imemkwama kooni. Ndiyo maana mkono wa Magokoro haukuishika. Nilimpeleka nyuma ya ghala la mahindi nikamhubiria. Nilimfumba macho kwa viganja vyangu, nikamwombea kwa sauti nzito kama ya Mzee Samsoni. Kabla sijafika amina alinikoholea mdomoni. Nilijiosha kwa maji, kisha kwa majivu, kisha kwa maji, na bado mpaka leo nikikaa kimya nausikia ule uvuguvugu kwenye midomo.

Maombi yakiwa yameshindikana, nilikwenda kwa mwenye mfupa. Makori alikuwa akiwamwagia nguruwe wake makapi.

"Mzee Makori, Kaptula alikula mfupa wako?"

"Mfupa wangu mimi? Si unaniona nimesimama?"

"Wa nguruwe."

Alicheka hadi akaweka ndoo chini. "Sikiza, mwanangu. Mbwa wenu akila mfupa wangu bila kuniomba, huyo ni mwizi, si mwenye dhambi. Mwambie baba yako asichanganye." Halafu akaelekeza kidevu kwa mbwa wake mwenyewe, wanono, wamelala juani kando ya zizi. "Hawa wamekula mifupa hiyo tangu walipofumbua macho. Umewahi kumsikia mmoja akikohoa?"

Nilisimama nikasikiliza. Walikoroma, walijikuna, mmoja alitoa upepo. Hakuna aliyekohoa. Nikasikiliza tena, nisije nikamsingizia Makori ukweli. Kimya.

Nilipomwambia baba, alisema, "Hao wameshazoea." Lakini ugali wake aliuacha nusu.

Kufikia hapo boma letu lilikuwa limegeuka zahanati. Watu wa kanisa letu walianza kuja kwa Magokoro, mmoja mmoja, kwa njia ya nyuma, kila mtu akivuta mbwa anayekohoa. Na kila mmoja kabla ya kuvuka ua alinong'ona kwamba mbwa wake alikuwa amekwamwa na mfupa wa samaki. Kilima kizima, tulivyo mbali na ziwa, kilikuwa kimekula samaki. Magokoro hakuuliza. Aliteremsha gunzi lilelile, akamkalia mbwa wa huyu, akapapasa, akapangusa mkono kwenye manyoya, akamkalia wa yule. Gunzi lilikuwa limebadilika rangi, likawa jeusi na linateleza. Siku moja alikosa kizibo cha kibuyu cha maziwa. Alitazama huku na huku, akanyoosha mkono kwenye paa.

Maziwa yale waliyanywa. Mimi nilisema tumbo linaniuma, na sikudanganya.

Leo najua kilichokuwa kikitembea kwenye gunzi lile na kwenye vidole vile. Zamani zile nilijua tu kwamba waliokuja na mbwa mmoja aliyekohoa kidogo waliondoka naye, kisha mbwa waliobaki nyumbani nao wakaanza. Kuna mama aliyekuwa na watoto wa mbwa chini ya kitanda chake, na aliwazika wote.

Ijumaa kabla ya kuwekewa mikono, baba aliichukua kamba ya ng'ombe ukutani, akaipima kwa kuivuta. Nilikuwa mlangoni.

"Tata," nikamwita, ndivyo tulivyowaita baba zetu, "ni ya nani?"

"Kesho Sabato, kazi haifanywi," alisema bila kunitazama. "Jumapili asubuhi. Usimwambie nyanya yako."

Alidhani Magokoro angemtetea mbwa asinyongwe. Kumbe Magokoro alikuwa nyuma ya ukuta, amesikia yote. Alichambua tu mboga zake za chinsaga akizitupa kwenye sufuria kama anazipiga.

Na hapa sharti nieleze jinsi mbwa walivyosali. Wakatoliki walikwenda misa, wakarudi kabla chungu hakijapoa. Sisi tulikaa. Kuanzia asubuhi hadi jua linapoelekea kuzama, na chakula tulikula hukohuko, kila mama na kikapu chake. Mbwa hawakukubali kuachwa na vikapu. Walitufuata, wakalala chini ya upenu wa kanisa, mbwa wa kilima chote wamebanana kwenye kivuli kimoja, pua ya huyu mkiani mwa yule, na walikunywa kutoka karai moja lililokinga maji ya paa. Aliyekaa sana kanisani, mbwa wake alikaa sana kwenye upenu. Ukihesabu waliokohoa, ungekuta ni wa watu wasiokosa ibada. Hakuna aliyehesabu hivyo. Hesabu iliyokuwepo ilikuwa ya nguruwe.

Sabato ile mchungaji alikaa kiti cha mbele, karibu na mlango wa pembeni uliokuwa wazi kwa ajili ya joto. Mzee Samsoni alisimama kuomba. Kichwa cha baba kilikuwa kimeinama kuliko vichwa vyote. Mimi nilifumba jicho moja. Mzee Samsoni aliombea kundi, aliombea wachungaji wa kundi, akafika kwa wanyama najisi, sauti ikapanda, na hapo kwenye kizingiti cha mlango wa pembeni Jemedari, mnyororo ukiburuta, akanyoosha shingo.

Koho, koho, koho. Khaaa.

Povu lilitua kwenye kiatu cha mchungaji.

Maombi yalisimama. Watu walifumbua macho wakatazama kiatu. Ute ulikuwa ukiteremka polepole kwenye kamba zake, na mchungaji, mtu mwenye adabu, aliacha mguu palepale kama kwamba si wake. Nadhani kila mtu humo ndani alikuwa akiwaza neno moja, na kila mtu alikuwa ameling'ata.

Magokoro akainuka. Alipita kati ya viti vya akina mama akikunja mkono wa gauni.

"Mzee Samsoni," alisema, kwa heshima kabisa, "mshike nimtoe huo mfupa."

"Hana mfupa!"

"Anakohoa kama wa kwetu. Na wa kwetu mlisema ni mfupa."

"Mama, nimesema hana! Huyu ni ugali na maziwa tu!"

"Hatuna haja ya kubishana, mkono utatuambia." Alikuwa tayari amemkalia Jemedari. Gunzi lilitoka mfukoni. Alikuwa amekuja nalo kanisani. Mkono ukaingia, bangili ikagonga meno, watu wazima na watoto wao wakanyoosha shingo kuona kitakachotoka. Magokoro alipapasa bila haraka. Hakuwa amewahi kupapasa mbwa muda mrefu namna ile. Kisha akautoa mkono, akauinua juu, ute ukining'inia mbele ya kusanyiko lote, kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko.

"Kweli hana," alisema.

"Si nimewaambia? Ni vumbi!" Mzee Samsoni alijifuta paji. "Barabarani kuna vumbi jingi siku hizi."

Baba alisimama. Sikuwahi kumwona akisimama kabla ya kuitwa. "Mzee, na wa kwangu?"

Mzee Samsoni aliangalia mkono wa Magokoro uliokuwa bado juu. Aliangalia kiatu. Aliangalia watu, na najua aliona nyuso za wote waliokula samaki.

"Vumbi ni vumbi, ndugu," alisema.

Ilikuwa imekwisha. Kilima kizima kilipumua. Mchungaji, ambaye sidhani alielewa kitu, aliinuka akiwa ameguswa na juhudi za kikongwe. Akamfuata Magokoro kwa hatua mbili, akamshika mkono. Ule ule. Akautikisa kwa mikono yake miwili, akambariki. Halafu, maadamu tayari alikuwa amesimama, akasema hakuna haja ya kungoja alasiri. Akamwita baba mbele.

Baba alipiga magoti. Watu walifumba macho. Mchungaji aliweka mkono wake juu ya kichwa cha baba, na mimi, kwa jicho langu moja, niliona ute wa Jemedari ukiingia kwenye nywele zilizochanwa vizuri na mama, ukang'aa pale juu kwa mwanga wa mlango. Mama alilia kwa furaha. Mimi nilishika mdomo kwa mikono yote miwili.

Jumapili asubuhi kamba ilimfunga ng'ombe. Kaptula aliendelea kukohoa siku kadhaa, kidogo kidogo, kisha siku moja tulikuwa tumefika mtoni ndipo nikagundua kwamba njia nzima sikumsikia. Alipona bila gunzi, kwa sababu baada ya kikohozi kuitwa vumbi hakuna aliyeliteremsha tena. Kila Sabato nilimfunga kwenye mgomba kabla hatujaondoka. Nilisema ni kwa ajili ya tumbili. Ukweli ni kwamba sikutaka anywe kwenye lile karai, hata kama sikujua kwa nini, kama vile ambavyo wewe hungekunywa.

Magokoro hakuwahi kuniambia kama alijua hapakuwa na mfupa. Jioni ile ya Sabato alipika ugali, akaukata, akanipa kipande changu kwa mkono wake. Nilimwangalia akinisubiri nikile. Nilikila. Alikuwa ameokoa mbwa wangu, ningefanya nini?

Juzi nilirudi kumjulia hali yule mbwa mwenye manyoya. Anakohoa kidogo, anakula, analala peke yake kwenye baraza. Mjukuu wangu alikuwa amekaa karibu naye, amenisamehe kofi, akataka kunipa biskuti kutoka kwenye pakiti yake.

"Umenawa?" nikamwuliza.

"Nimenawa, nyanya."

"Kanawe tena."